Namba Ishirini na Tisa

Naftaly Ngigi alikuwa na miaka mitano ambayo hakuwahi kuiishi. Aliandikiwa miaka hiyo mwaka wa 1942 huko Mau Narok, katika shamba la ngano la Mzungu mmoja ambako baba yake alikuwa kibarua mwenye ruhusa ya kujenga na kulima. Mwaka ule mashine ya kupura ngano ilimponda baba mguu. Sheria ya shamba ilikuwa fupi: boma lisilo na mwanamume wa kufanya kazi liondoke kabla ya mvua.

Naftaly ndiye aliyekuwa mwana wa kwanza, na alikuwa na miaka kumi na mitatu. Lakini alikuwa mrefu. Mama yake alimchanganya na vijana wa miaka kumi na minane waliokuwa wakienda kutahiriwa, na kidonda kilipopona akampeleka mbele ya karani aliyekuwa akiandika vipande, vile vitambulisho vya kazi vya Waafrika. Karani alimwinua mkono wa kulia, akachungulia kwapani. Asubuhi hiyo mama alikuwa amempaka masizi ya chungu mahali pale, kidogo tu, yaonekane kama vinyweleo, na jasho lilikuwa halijayaosha.

"Miaka kumi na minane," mama alisema.

Karani alitazama foleni iliyobaki, akatazama jua, akaandika 1924.

Njiani kurudi mama hakumtazama. "Kuanzia leo umezaliwa mwaka huo," alimwambia. "Siku utakayotaja mwingine, tutalala barabarani."

Hakutaja mwingine. Alisukuma magunia ya ngano na wanaume, na boma lao likabaki. Hali ya Hatari ilipowafukuza Wakikuyu kutoka mashambani, karatasi yake ya njia, ile ya ruhusa ya kusafiri, ilinakiliwa kutoka kwenye kipande. Uhuru ulipokuja, kitambulisho kilinakiliwa kutoka kwenye karatasi ya njia. Alimwoa Wanjugu, binti aliyezaliwa 1927, naye Wanjugu akajua ameolewa na mwanamume anayemzidi miaka mitatu. Penye sherehe alikaa na rika alilotahiriwa nalo, akala nyama ya rika hilo, akazungumza zamu yao ilipofika. Baba alikuwa ametangulia, na mama alipokufa mwaka wa 1961, aliyejua ukweli alibaki mmoja.

Alianza kukimbia palepale shambani, akitumwa na barua kutoka nyumba kubwa mpaka kwenye maghala, maili nne kwenda na nne kurudi. Baadaye, alipokuwa seremala wa bodi za malori katika karakana ya Surinder Singh mjini Nakuru, aliendelea kukimbia bila kutumwa na mtu. Alitoka nyumbani kwake mtaa wa Bondeni alfajiri, akashuka mpaka karibu na ziwa ambako vumbi la magadi lilimkereketa koo, akapanda kuelekea Menengai, na saa mbili kasoro alikuwa ameshika randa. Watu walimcheka. "Ngigi, nani anakufukuza?"

Mwaka wa 1964 klabu moja ya michezo ya Mombasa ilianzisha marathoni. Surinder Singh, aliyecheza magongo ujanani na bado alipenda kumwona mtu akitoka jasho, ndiye aliyemletea habari. Naftaly alikwenda. Mezani walimpa kitambaa cheupe chenye namba, bila kuchagua, kama walivyowapa wengine. Kilikuwa kimeandikwa 29.

Alikishika muda mrefu. Ulikuwa mwaka aliozaliwa. Hakuwahi kuuona umeandikwa popote, na sasa ulikuwa mikononi mwake kwa wino mweusi, na alitakiwa kuubandika kifuani na kupita nao mbele ya watu.

Ndivyo alivyoupenda mji ule. Wengine walisema ni joto na samaki. Yeye alipenda kwamba siku moja kwa mwaka alikimbia katikati ya watu akiwa na umri wake. Na klabu ilikuwa na desturi yake: kila mwaka mtu alirudishiwa namba yake, na aliyemaliza maili zote ishirini na sita mara kumi, namba aliyoanza nayo ilikuwa yake daima. Hakuna mwingine ambaye angeivaa, na ingechorwa kwa rangi kwenye ubao wa klabu, pamoja na jina lake. Alipoteza mwaka mmoja tu, alipougua homa ya matumbo. Kufikia mwaka wa 1973 alikuwa na medali tisa, zimening'inia kwenye misumari tisa juu ya kitanda. Wanjugu alipigilia msumari wa kumi mwenyewe, mapema, wakati wa Krismasi.

"Usiniletee aibu," alisema. "Nimekwisha kutoboa ukuta wa mwenye nyumba."

Barua ya klabu ilipokuja mwaka wa 1974 ilikuwa na jambo jipya. Mwaka uliopita mzee mmoja alikuwa ameanguka njiani kwa joto akafa, na kamati iliamua kwamba wenye miaka hamsini na zaidi wangekuwa na mbio zao, Mbio za Wazee, maili kumi tu. Naftaly aliisoma barua hiyo akacheka kwa furaha, maana alimfikiria Hiram papo hapo. Hiram alikuwa mtu wa rika lake, mkulima wa viazi kulekule Mau Narok, na daktari alikuwa amemwamuru akimbie apunguze tumbo. Akamwandikia: njoo, kuna mbio zako. Hata dakika moja hakukumbuka kwamba katika karatasi za serikali yeye na Hiram walizaliwa mwaka mmoja. Kwa miaka kumi alikuwa amejihesabu kwa miguu.

Ijumaa mchana aliomba ruhusa. Surinder Singh alikuwa amelala chini ya lori, miguu tu ikionekana.

"Mzee Ngigi," ilitoka sauti, "watu ya rika yako iko na fimbo. Wewe iko na raba."

"Fimbo itakuja, bwana."

"Sawa. Leta ile namba yako. Lakini Jumatatu mchana kuja kazi. Hii bodi nangoja wewe."

Alisafiri na Hiram, basi mpaka Nairobi na gari moshi la daraja la tatu mpaka pwani. Hiram alikula viazi vya kuchemsha njia nzima, akasema anajaza mafuta. Jumamosi asubuhi walishuka, joto likawakumbatia, na Naftaly akampeleka mwenzake kila mahali alipopapenda kama mtu anayeonyesha nyumba yake: mama wa Majengo aliyemuuzia mahamri tangu mwaka wa kwanza, ukuta wa Makupa ambao alijinyoosha misuli juu yake, na Daraja la Nyali lililoelea juu ya maji, ambalo ukikimbia juu yake lilicheza chini ya nyayo.

"Hii daraja inapumua," Hiram alisema, akishika kamba.

"Kesho utapumua wewe."

Saa tano waliingia klabu kuchukua namba. Hiram alisimama nje kununua dafu. Naftaly akaenda mezani. Karani, mtu wa makamo mwenye miwani na shati lililopigwa pasi vizuri, alivuta bahasha kutoka kwenye kasha na uso wake ukafunguka.

"Ishirini na tisa! Wewe ndiye wa mara ya kumi mwaka huu. Hongera sana, mzee wangu. Mchoraji tumekwisha kumwita. Kesho jioni jina lako linapanda pale."

Akanyoosha kidole. Ukutani, chini ya saa, palikuwa na ubao wa kijani wenye majina matatu na namba tatu. Chini ya jina la tatu palikuwa wazi, pamepigwa mstari wa penseli.

"Nipe kitambulisho tu," karani alisema.

"Miaka yote hamkuuliza."

"Mwaka huu tunauliza. Ni kwa sababu ya yule marehemu."

Mkono wa Naftaly ulikwisha kutoa kitambulisho kabla akili haijamwambia auzuie. Karani alikisoma. Midomo yake ilihesabu kidogo.

"Ishirini na nne mpaka sabini na nne. Hamsini kamili." Akavua miwani. "Mzee wangu, wewe ni Mbio za Wazee."

"Hiyo miaka si yangu."

"Ni ya nani?"

"Mimi nimezaliwa ishirini na tisa."

Karani alitabasamu kwa upole, akifikiri ni mzaha. "Ishirini na tisa ni namba yako ya kukimbilia. Mimi nauliza mwaka."

Naftaly aliinama mezani. Alizungumza chini chini, kwa mara ya kwanza maishani, na maneno yalikuwa magumu kana kwamba ni ya lugha ngeni. Alisema juu ya mguu wa baba, shamba, na karani wa vipande. Masizi hakuyataja.

Karani alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. "Sasa nieleze mimi nifanye nini," alisema. "Ulidanganya wakati ule, au unadanganya sasa? Nikimwambia mwenyekiti, ataniuliza hivyo hivyo." Akaipigapiga bahasha juu ya meza. "Lakini mwenyekiti anakufahamu. Kama yupo mtu anayekujua tangu utoto, aje aseme hapa mbele yangu. Nitaandika, nitamwonyesha. Nadhani atakubali."

"Aliyenijua amekufa."

"Hakuna mwingine?"

Hiram aliingia wakati huo, dafu mkononi, maji yakimchuruzika kidevuni. "Ni nini? Mnamweka Ngigi kwa nini?"

"Huyu mzee anasema hajafika hamsini," karani alisema. "Unamjua?"

Hiram alimtazama karani, kisha Naftaly, na shingo yake ikavimba. Alisikia jambo moja tu: kwamba watu wa pwani wanamwita mtu wa rika lake mtoto. Akaweka dafu mezani juu ya karatasi.

"Nani anasema Ngigi ni mtoto? Nasema ni nani? Mimi na hii mtu tulitahiriwa asubuhi moja, mto moja, kisu moja! Mimi nilisimama hapa, yeye alisimama pale. Baridi ya Mau, unaijua wewe? Hakupepesa jicho! Na kama yeye ni mtoto, basi hata mimi ni mtoto. Andika hiyo!"

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, mmoja akapiga makofi. Karani hakucheka. Alimgeukia Naftaly, na sauti yake ilikuwa bado na mlango uliofunguliwa kidogo.

"Ni kweli, mzee?"

Naftaly alimtazama Hiram. Uso wa Hiram ulikuwa uking'aa kwa jasho na kwa mapenzi. Ilitosha kusema, nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Kwa maneno hayo ubao ungepata jina. Na Hiram angesimama pale, ahesabu. Angeirudia ile asubuhi ya mtoni, akamwona mtoto aliyeingizwa kwa mlango wa nyuma. Angehesabu nyama yote ya miaka thelathini na miwili, na pombe ya wazee, na siku ambazo Naftaly alizungumza kwanza mbele ya watu waliomtangulia kuzaliwa, wao wakanyamaza kumsikiliza. Kabla ya wiki kwisha Mau Narok yote ingekuwa imehesabu. Na Wanjugu naye angehesabu.

"Ni kweli," alisema. "Tulitahiriwa siku moja."

Karani alirudisha miwani usoni. Alifungua droo, akaitia bahasha ya ishirini na tisa ndani, akaifunga, akatoa kitambaa kingine kilichoandikwa W 8.

Nje Hiram alimpiga bega. "Nimekuokoa, au siyo? Hawa walitaka kutufanya watoto."

"Umeniokoa," Naftaly alisema.

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi walianza wote pamoja, vijana mbele, wazee wanane nyuma wakitaniana. Hiram alikuwa amevaa kaptula iliyoshonwa na mkewe kwa kitambaa cha gunia la unga, na maneno ya kampuni yalisomeka makalioni. Walipita mjini maduka yakiwa yamefungwa. Walivuka daraja, nalo likacheza, na Hiram akatukana kwa Kikuyu. Naftaly hakukimbia vizuri wala vibaya. Kila alipotazama chini aliona ile W.

Maili ya tano ilikuwa Kisauni. Mtu wa klabu alisimama katikati ya barabara na kibendera chekundu, akiwapungia wazee kuzunguka pipa na kurudi mjini. Pembeni walikuwepo wanawake wenye makopo ya maji, walewale wa kila mwaka, na mmoja akapaza sauti kama kila mwaka: "Huyo mzee wa Nakuru! Huyo!"

"Wazee hapa! Wazee mgeuke!"

Hiram aligeuka, akihema, akipunga mkono kama aliyeshinda. Naftaly aliliona pipa. Aliona kibendera. Tangu utoto alikuwa amefanya kila alichoambiwa na mtu mwenye karatasi.

Akapita.

"Mzee! Wewe W nane! Mzee, umepita!"

"Ngigi!" Hiram aliita nyuma. "Rika! Ni hapa! Naftaly, wewe, ni hapa!"

Hakugeuka. Miguu ilichukua mwendo wake wa zamani, ule wa barua, na kwa maili saba hivi alikuwa karibu na furaha. Minazi ilipita, jua likapanda. Vijana waliokuwa wakirudi kutoka Mtwapa walimkuta akielekea huko, wakamtazama kifuani, wakatazamana. Kwenye meza za maji mtu wa klabu alimwambia kwa heshima kwamba ameshapotea, apande pikipiki arudishwe. Akachukua maji, akashukuru, akaendelea. Hakuna aliyemkamata. Nani angemkamata mzee?

Kurudi kulikuwa kubaya. Kwenye maili ya ishirini paja la kushoto lilikaza, akalipiga ngumi mpaka likalegea. Darajani hakulisikia likicheza. Yeye mwenyewe ndiye alikuwa akiyumba. Alipoingia uwanjani ilikuwa saa tatu na dakika ishirini na nne. Miaka mingine alikuwa amemaliza vibaya zaidi ya hapo.

Msichana mwenye medali alimjia haraka, utepe umekwisha kufunguliwa, medali tayari kupita kichwani. Akaona ile W. Mikono yake ilisimama hewani.

"Samahani, baba," alisema. "Za wazee zilikwisha tangu saa mbili."

Naftaly alikwenda mezani mwenyewe. Karani yuleyule alikuwa amekaa na daftari kubwa. Alimwona anakuja, akatazama mahali pengine, kisha akaligeuza daftari ili asome. Katika ukurasa wa wazee, mstari wa nane, palikuwa na jina lake, na mbele ya jina neno moja: *hakumaliza*.

"Nimekimbia maili ishirini na sita," Naftaly alisema.

"Najua. Watu wa meza za maji wamenipigia simu." Karani alifunga daftari taratibu. "Lakini W nane alitakiwa kukimbia kumi, na hizo kumi hakuzimaliza. Na ishirini na tisa hakuanza. Sina mahali pa kukuandika, mzee wangu. Nimetafuta."

Hiram alikuwa amekaa kwenye nyasi kivulini, miguu ndani ya beseni la maji, uso wote meno. Kila mzee aliyemaliza alikuwa amepewa fimbo ya mpingo, imechongwa mpini. Yeye alikuwa na mbili.

"Chukua yako," alisema. "Nimebishana nao mpaka wakachoka. Nimewaambia hii mtu ni mzee mkaidi, hasikii, lakini ni mzee."

Naftaly aliipokea. Ilikuwa fimbo nzuri, nzito, ya saizi yake.

"Kwa nini hukugeuka?" Hiram aliuliza.

"Sikusikia."

"Masikio pia imeanza? Pole, rika."

Kabla ya kwenda stesheni walipitia klabu kuchukua mizigo. Mchoraji alikuwa amekuja, pengine hakuna aliyekumbuka kumwambia asije. Alikuwa amekalia kopo la rangi chini ya ule ubao, akisubiri kuambiwa jina. Naftaly alimwamkia akapita.

Jumatatu saa sita walifika Nakuru. Hiram alipanda lori la kwenda Mau Narok, akipunga fimbo dirishani. Wanjugu alikuwa mlangoni Bondeni akichambua mchicha, na kabla mumewe hajaketi alikuwa amekwisha kufuta mikono.

"Iko wapi?"

"Mwaka huu hawakunipa."

Wanjugu alitazama uso wa mumewe, akaacha kuuliza. Kisha akaona fimbo. "Na hii?"

"Ni zawadi ya wazee."

Wanjugu aliichukua, akaipima mkononi, akapitisha kidole kwenye mchongo. Alicheka, na katika kicheko chake mlikuwa na fahari ambayo hakuwa nayo hata kwa medali zote tisa. "Sasa hii ni kitu," alisema. "Zile bati ni za vijana. Kanisani wananiuliza, mumeo atakoma lini kukimbiakimbia kama mtoto? Sasa watamwona." Akapanda juu ya kitanda, akafunga uzi kwenye mpini, akaining'iniza fimbo kwenye msumari wa kumi. Msumari uliinama kidogo, ukashika.

Naftaly alikuwa ameketi kwenye stuli, anafungua raba. Kidole gumba cha mguu kilikuwa kimekuwa cheusi. Alikitazama.

"Wanjugu," alisema, "wewe ulizaliwa mwaka gani?"

"Ishirini na saba. Kwani hujui?" Alikuwa bado juu ya kitanda, ananyoosha fimbo ikae sawa. "Miaka mitatu nyuma yako."

Naftaly alisubiri mpaka mkewe aliposhuka, mpaka aliporudi kwenye mchicha wake akaketi, uso wa mke ukiwa mbele yake kabisa, mchana kweupe, hakuna mtu mwingine nyumbani.

"Ndiyo," alisema. "Mitatu."

Akavaa viatu vya kazi, akaenda kwa Surinder Singh.